Leonsia na Timu ya Ghalani

Leonsia hakwenda Mwanza kutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomfuata kwao Muleba, ikiwa ndani ya Land Rover ya kiwanda cha nguo, na sababu ilikuwa mpira wa pete. Enzi hizo kila shirika la umma lililojiheshimu lilikuwa na timu zake. Ofisa utamaduni wa kiwanda alikuwa amemwona binti huyo mrefu kwenye mashindano ya shule za sekondari, akicheza katikati ya uwanja, akiupokea mpira na kuuachia kabla wapinzani hawajajua uko wapi. Akamfuata mpaka kwa baba yake, mkulima wa kahawa, Mlutheri asiyependa mzaha, akamwambia kwamba binti atapewa kazi ya kudumu na chumba katika nyumba za kiwanda.

"Kazi gani?" mzee akauliza.

"Kufungasha vitenge, mzee. Ila hasa hasa ni kucheza."

Mzee alilitafuna neno hilo juma zima. Mtu alipwe kwa kucheza! Mwishowe akakubali, akisema kwamba serikali ina mambo yake.

Basi Leonsia akafungasha vitenge asubuhi na kucheza jioni, miaka ikapita. Hapo kiwandani ndipo alipokutana na Shigela, fundi mitambo, Msukuma wa Misungwi, kipa wa timu ya wanaume. Shigela hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya uwanja, lakini akisimama langoni alipiga kelele kama mchungaji anayerudisha ng'ombe waliotoroka, na watoto wa Mwanza walimwiga mitaani. Walifunga ndoa, wakapata mtoto mmoja, Annet, na watu wote wakaacha kuwaita kwa majina yao. Wakawa Baba Annet na Mama Annet.

Kisha likaja neno ambalo hapo awali lilisikika redioni tu: ubinafsishaji. Mashine zikasimama sehemu moja, kisha nyingine, kisha zote. Mwaka wa tisini na nne wakapunguzwa wote wawili kwa tangazo moja lililobandikwa getini. Wakaondoka kwenye nyumba ya kiwanda, wakapanga vyumba viwili Pasiansi, karibu na ziwa. Annet alikuwa ameshaanza shule ya bweni, na wote wawili walishukuru kimoyomoyo kwamba hakuwepo kuona.

Leonsia hakukaa. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga. Minofu ya sangara ilipakiwa kwenda Ulaya, na mabaki yake, kichwa na mifupa, yaliuzwa kwa wenyeji. Watu waliyaita mapanki. Leonsia akawa anayanunua, anayakausha, anayakaanga na kuyauza barazani. Shigela yeye alikaa kwenye ngazi ya mlango, ameegemeza mgongo ukutani, mikono yake mikubwa imelala mapajani. Fundi aliyezoea kuisikia mashine ikiumwa kabla haijaharibika sasa hakuwa na la kusikiliza. Ukimsalimia alijibu. Usipomsalimia ilikuwa sawa tu.

Hali ilikuwa hiyo Florian alipotokea.

Florian alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu wa Bukoba, mchangamfu, kijana kuliko tumbo lake. Wanunuzi wa minofu walikuwa wamempeleka Uholanzi kutembea, na huko, kati ya maajabu yote aliyoyaona, alilorudi nalo ni mpira wa miguu unaochezwa ndani ya nyumba. Watu watano kila upande. Hakuna kuotea. Mpira ukigonga ukuta, mchezo unaendelea. Na mvua inyeshe isinyeshe, watazamaji wamekaa pakavu na wamelipa kiingilio!

Pale Pasiansi palikuwa na ghala la pamba la chama cha ushirika, refu kama kanisa, tupu tangu ushirika uanze kuyumba. Florian akalikodi. Akafagia vumbi la pamba, akapiga rangi mistari kwenye sakafu ya saruji, akafunga magunia ya katani kwenye nguzo za chuma ili watu wasivunje vichwa. Akawashawishi wenzake wa Musoma na Shinyanga wapate timu, na wanachuo wa ualimu wa Butimba wakaunda ya kwao. Ligi ya timu nne ikaanza na mvua za vuli. Timu yake aliiita Sangara Stars. Watu hawakujisumbua na jina hilo. Walisema tu "Timu ya Ghalani."

Kipa wa kwanza aliyemfikiria alikuwa Shigela.

"Mimi ni mzee," Shigela alimwambia, bila kuinuka kwenye ngazi.

"Lango lenyewe dogo, Baba Annet. Wewe ukitanua mikono tu limeisha."

Leonsia alikuwa anageuza mapanki kwenye karai. Hakugeuka, lakini alisikia ngazi ikilia. Shigela alikuwa amesimama.

Kocha wa kwanza alitoka Dar es Salaam. Alisimamia mechi mbili, akaitwa na timu ya mpira wa kawaida, akaenda zake akisema huu wa ghalani ni mchezo wa watoto uani. Vijana wakawa wanakimbia ovyo. Wanne wote wa mbele waliufuata mpira kama kuku wanaofuata punje, na mpira ukigonga ukuta na kurudi nyuma yao, hapakuwa na mtu. Leonsia alikuwa amekwenda siku hiyo kumpelekea mumewe uji. Alitazama kwa muda, kibuyu mkononi, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Usiufuate!" alipaza sauti. "Wewe mwembamba, usiufuate mpira, utakuja! Toa, halafu hama! Ukitoa usisimame!"

Vijana wakacheka. Yule mwembamba, jina lake Elias, mshambuliaji kutoka Butimba aliyekuwa ameacha chuo katikati, alimtazama kama anayetazama mwendawazimu mwenye adabu. Lakini Shigela hakucheka. Alitoka langoni, akasimama katikati ya sakafu.

"Mnamcheka nini? Huyu amecheza kati ya uwanja miaka kumi na mitano kwenye mchezo ambao ukishika mpira hutembei. Anajua nafasi kuliko sisi sote." Akamgeukia Florian aliyekuwa mlangoni. "Kocha unamtafuta wapi? Mchukue mke wangu."

Hivyo ndivyo Leonsia alivyopata timu ya wanaume. Aliyempa alikuwa mumewe mwenyewe, mbele za watu, kwa sauti ile ya langoni ambayo mji ulidhani imekufa.

Mwanzoni watu walikuja kumtazama yeye. Mwanamke wa kitenge na raba miguuni, anawapigia makofi wanaume wazima wahame! Baadaye wakaja kutazama mpira. Leonsia hakuwa na miujiza. Aliwafundisha alichokijua: toa, hama, tazama bega la mwenzako, uache ukuta ukufanyie kazi. Walishinda mechi mbili, wakafungwa na Shinyanga, wakashinda tena. Mvua iliponguruma juu ya mabati hapakusikika kitu, na wachezaji walijifunza kuangalia mikono yake.

Na nyumbani kukarudi uhai. Jioni Shigela alikaa mezani akipanga vizibo vya soda. Hiki Elias, hiki beki, hiki mimi. Walibishana mpaka chai ikapoa. "Wewe kocha gani unalinda kwa watu watatu?" "Na wewe kipa gani unataka kufunga?" Leonsia alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na alidhani kwamba mabaya yalikuwa yameshapita.

Tatizo la jicho la mumewe alianza kuliona mwezi wa Machi.

Kwanza ilikuwa kikombe. Shigela alinyoosha mkono kushoto, akakigonga kikaanguka. Akacheka, akasema uzee. Siku nyingine akamkanyaga paka aliyekuwa amelala wazi kabisa upande huo huo. Kisha ghalani, katika mechi na Musoma, mpira uligonga ukuta wa kushoto ukaja polepole, mpira ambao mtoto angeudaka, na Shigela hakutikisika mpaka ulipokuwa wavuni. Watazamaji wakamzomea. Leonsia alisimama pembeni na akaelewa. Hakuuona. Mume wangu haoni upande wa kushoto.

Alikusudia kumwuliza jioni ile. Lakini Shigela aliingia ameinama, akala kimya, na vizibo vya soda havikutoka. Leonsia akaona si vema kumchoma aliyekwisha kuchomwa. Akaahirisha. Kwenye mazoezi yaliyofuata alimwambia Malimi, kipa wa akiba, kijana mnene mwenye wasiwasi, aanze kufika mapema. Akawapanga mabeki wakae zaidi kushoto ili kuziba. Goli likaingia tena, kushoto. Akapanga upya. Majuma yakaenda namna hiyo. Kila siku alifikiria jicho la Shigela, na kila siku alilifikiria kama pengo la kuzibwa.

Mwezi Mei wakabaki wao na Shinyanga kileleni, na mechi ya mwisho ndiyo ingetoa bingwa. Elias alimfuata barazani, akasalimia shikamoo kama kawaida, akakataa kukaa.

"Mama, sisi tunamheshimu Baba Annet."

"Najua. Sema ulichokuja kusema."

"Tumezungumza wote. Haoni, mama. Au hataki. Shinyanga wanajua. Wamesema wazi sokoni kwamba watapiga kushoto tu."

Florian naye alikuja, kwa tabasamu, kwa soda mkononi. "Mama Annet, nyumbani ni nyumbani, ghalani ni ghalani. Mimi sikuambii umpange nani. Ila umati utakaokuja Jumamosi haujaja kuona ndoa."

Siku mbili Leonsia alizunguka na neno la kumwambia mumewe mdomoni kama jiwe la moto. Asubuhi alipompa Shigela maji ya kunawa alitaka kulisema. Mchana, mumewe alipokuwa anashona glovu zake kwa uzi wa katani, akiinamisha kichwa chote upande mmoja ili aone sindano, alitaka kulisema. Alipofungua kinywa, Shigela akasema, "Jumamosi hii, Mama Annet, nikitoka hapo hata nikirudi kwenye ngazi sijali." Leonsia akafumba kinywa.

Jumamosi ghala lilijaa. Watu walipanda juu ya marobota ya magunia, wengine walining'inia madirishani. Wachezaji walisimama kwenye kona yao wakimsubiri ataje kikosi, kama ilivyokuwa desturi, kwa sauti, kila mtu asikie. Shigela alikuwa ameshavaa jezi ya njano na glovu zilizoshonwa.

"Kipa," Leonsia akasema, "Malimi."

Hakuna aliyemtazama Shigela. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Vijana wote walitazama sakafu, na kwa kutazama kwao sakafu Shigela akafahamu kwamba wote walijua kabla yake. Alimtazama mkewe. Aligeuza kichwa chote ili ampate kwa jicho la kulia.

"Tangu lini?" aliuliza taratibu.

Leonsia akageukia uwanja. Mwamuzi alikuwa anapiga filimbi. Shigela akavua glovu, moja baada ya nyingine, akamkabidhi Malimi, akamfunga mwenyewe mikanda ya mikononi. Akamwambia kitu sikioni. Kisha akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma, ule wa kupakilia pamba.

Walishinda. Malimi alidaka mipira ya kushoto ambayo hata yeye hakujua aliidaka vipi, Elias akafunga matatu, na mwishoni matokeo yalikuwa matano kwa manne. Watu waliingia uwanjani wakamwinua Leonsia juu. Kutoka huko juu, akiwa ameshika kichwa cha mtu asiyemjua ili asianguke, aliutazama ule mlango mdogo. Ulikuwa wazi na nje jua lilikuwa linawaka.

Alipofika nyumbani alikuta Shigela amechukua begi la kiwanda, blanketi na redio. Jirani mmoja, Wilhelmina, alikuwa anasuka mkeka uani. "Amesema anakwenda kwao," alisema. "Nikamwambia asubiri mke. Akasema hana mke hapa, ana kocha."

Timu ya Ghalani haikuishi hata miezi miwili baada ya ubingwa wake. Msimu wa pamba ukafunguliwa, na sasa kila mwenye uwezo aliruhusiwa kununua pamba. Kampuni moja ya watu binafsi ililihitaji ghala, ushirika ukalikodisha kwake, na Florian, ambaye hesabu zake zilikuwa zimeshaanza kumwelemea, hakubisha sana. Aliwaita wachezaji, akawanunulia soda, akawaahidi ukumbi mwingine. Hakuna aliyeuona. Elias alirudi Butimba kuomba chuo kimpokee tena. Malimi akapata kazi ya kupakia minofu. Siku Leonsia alipopita pale ghalani alikuta lori limeegeshwa mlangoni na vibarua wanatupa marobota juu ya ile mistari iliyopigwa rangi. Musoma na Shinyanga nao wakasahau. Mwaka uliofuata ungesema "mpira wa ndani" watu wangekuuliza ndani ya nini.

Alirudi kwenye karai lake la mapanki. Kwa ndugu zake Muleba hakuandika kitu. Annet aliporudi likizo na kuuliza baba yuko wapi, alimwambia amekwenda kumsaidia shangazi na ng'ombe. Annet alikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba baba yake hakuwa amewahi kupenda ng'ombe.

Mwezi wa Agosti Leonsia alipanda gari mpaka Usagara, akateremka njia panda, akatembea kwa miguu kuingia ndani, mabonde ya mpunga yaliyokauka kushoto na kulia. Mji wa wazazi wa Shigela ulikuwa umebaki na dada yake mkubwa, Ng'washi, mjane, mwanamke wa maneno machache makali. Alimkuta anapepeta mtama.

"Kalibu, wifi," Ng'washi alisema. Hakusimama. "Umekuja na timu au peke yako?"

"Peke yangu, wifi."

"Basi kaa. Maji yako kwenye mtungi."

Shigela alikuja na ng'ombe jioni. Alikuwa amekonda, na alikuwa anatembea kwa namna mpya, bega la kulia mbele, kama mtu anayepita mahali pembamba. Alimsalimia vizuri, akauliza habari za Annet. Alipomaliza kuuliza akasema, "Rudi kesho asubuhi kabla jua halijawa kali."

"Nimekuja kuomba radhi, Baba Annet."

"Ya kipa? Hiyo nimeimaliza njiani. Mimi mwenyewe ningekuwa kocha nisingejipanga." Akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa. "Nilichokaa nikakifikiria hapa, nyuma ya ng'ombe, ni kingine. Uliliona jicho langu. Siyo?"

"Nililiona."

"Lini?"

"Machi."

"Machi." Alilirudia neno kama anayelipima uzito. "Mimi nilikuwa naogopa, Mama Annet. Nilikuwa nimelala kando yako naogopa, nashindwa kusema, najiambia huyu asijue. Kumbe unajua. Ukalichukua jicho langu ukalipeleka kwenye kikosi. Hukulipeleka hospitali."

Leonsia alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani kuhusu Florian, kuhusu vijana, kuhusu yeye kukosa ujasiri. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Alilia, na Shigela akamwacha alie. Ng'washi, aliyekuwa jikoni akisikia yote, alitoka na bakuli la maziwa akaliweka chini kati yao.

"Mnaongea kama waliozika," alisema. "Jicho lingine si bado lipo? Linangoja nini?"

Shigela alikataa kurudi naye siku ile, na Leonsia alirudi Pasiansi peke yake. Alikwenda tena mwezi wa Septemba, Shigela akakataa tena. Mara ya tatu nchi ilikuwa katika pilikapilika za uchaguzi wa vyama vingi, magari yenye vipaza sauti yamejaa njia panda ya Usagara, na Leonsia alipofika alikuta Shigela amekaa ndani ameinamisha kichwa. Juzi yake ndama alikuwa amepotea kwenye kichaka cha upande wa kushoto, hatua chache tu, naye alikuwa amemtafuta mpaka jua likazama huku watoto wa jirani wakimcheka. Hakusema kwamba anarudi. Alisimama tu akachukua begi la kiwanda, kama alivyosimama siku ile Florian alipomfuata, ila safari hii bila sauti yoyote.

Hospitalini Mwanza, daktari wa macho alikuwa kijana mpole aliyeonekana kuchoka. Alimulika jicho moja, akamulika lingine, akakaa.

"Mzee, hii ni presha ya macho. Haiumi, inakuja kimyakimya, inaanzia pembeni. La kushoto limekwisha. Siwezi kukudanganya. La kulia limeanza, lakini dawa ya matone inaweza kulishikilia, ukiitumia kila siku bila kukosa, maisha yako yote."

"Ningekuja mapema?" Shigela akauliza.

Daktari alitazama mikono yake. "Mapema mwaka huu? Huenda tungeokoa kidogo. Siwezi kusema kwa hakika."

Leonsia alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya mumewe, upande wa kushoto, mahali ambapo Shigela hakuweza kumwona. Hakuhama. Aliipokea ile "huenda" akaibeba, na aliendelea kuibeba miaka yote. Ingekuwa afadhali daktari aseme ndiyo au aseme hapana.

Shigela akabaki Pasiansi kwa sababu dawa ilikuwa Pasiansi. Alisema hivyo waziwazi kwa kila aliyeuliza. Alilala chumba cha Annet. Mchana alitengeneza mafeni na baiskeli za watu kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, na fundi wa kweli hasahau. Wateja wakaanza kuja. Leonsia aliacha mapanki akapata kazi ndani ya kiwanda cha minofu, amevaa buti nyeupe, baridi inampanda magotini. Shule moja ya msingi ilimwomba asimamie timu yao ya mpira wa pete. Alikataa. Walipomwomba tena alisema ataangalia, na hakwenda.

Ila matone hayakuweza kusubiri watu wapatane. Shigela alijaribu kujitia mwenyewe. Dawa ikamwagika shavuni, nusu chupa ikapotea bure. Asubuhi moja Leonsia alimkuta kwenye kiti uani, kichwa amekitupa nyuma, chupa ameishika juu ya jicho zima.

"Lete," alisema.

"Nitaweza."

"Huwezi. Lete hapa."

Shigela alimpa chupa. Leonsia akasimama nyuma ya kiti, akakiegemeza kichwa cha mumewe kwenye tumbo lake, akafungua kope kwa vidole viwili. Vidole vyake vilikuwa vinanuka samaki hata baada ya sabuni.

"Usipepese."

"Sipepesi. Mkono wako baridi."

"Ni kiwandani."

Tone likaanguka likaingia. Shigela alifumba jicho, na dawa iliyozidi ikamtiririka kuelekea sikioni. Leonsia aliipangusa kwa ncha ya kanga. Alifunga chupa, akaiweka kivulini dirishani, akaenda kuvaa buti zake. Jioni aliporudi kutoka kiwandani, Shigela alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti, amekigeuza kuelekea mlangoni, anasubiri.

Ikawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Mwezi ulipita kabla Shigela hajarudi kulala chumbani kwao. Jicho la kulia lilidumu muda mrefu kuliko daktari alivyotarajia. Wakati mwingine, kichwa kikiwa nyuma na jicho limefumbwa, Shigela alimwuliza habari za Malimi, kama bado anapakia minofu, na Leonsia alimwambia. Habari za Machi ile hawakuzirudia tena.